Msimu Mmoja Hautoshi

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba, huisha Aprili, na kuanzia Juni hadi Septemba kipima mvua hukaa wiki baada ya wiki bila kulowa. Wanafunzi wa shahada ya kwanza nao wana kalenda yao. Mafunzo kwa vitendo, ambayo wenyewe huyaita fildi, hufanyika katika likizo ndefu ya katikati ya mwaka. Desemba na Januari, mawingu yanapoanza kazi, wako kwenye mihadhara, kwenye majaribio ya muhula au nyumbani kwa sikukuu. Kisha mitihani inafuata. Kwa hiyo kijana anaweza kuhitimu sayansi ya angahewa katikati ya nchi hii, akaandika ripoti nzima kuhusu mvua, na asiwe ameipima mvua hata siku moja. Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo, kwa anayeandika ripoti na kwa anayeisahihisha, na ninapoitazama kazi ile sasa sioni kwamba kasoro yake kubwa ni uvivu wa wanafunzi au uhaba wa vifaa, ingawa vyote viwili vipo. Kasoro iko kwenye hesabu tuliyoizoea: mwanafunzi mmoja, mada moja, muhula mmoja, ripoti moja. Kuna masomo mengi yanayokwenda vizuri kwa hesabu hiyo. Anga ya Dodoma haimo. Tungefaidika zaidi kama kila darasa lingeongeza msimu wake kwenye kumbukumbu moja ndefu ya mahali pamoja panapojulikana, tuseme mtaa wa Majengo, kisha likaliachia darasa linalofuata.

Ripoti yenyewe inajulikana sura yake. Kichwa hutaja mwenendo wa mvua Dodoma kwa miaka thelathini au arobaini. Takwimu hupakuliwa kutoka kwenye intaneti, mara nyingi CHIRPS, mkusanyo uliotengenezwa Marekani na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, unaoanzia mwaka 1981 na kuigawa ardhi katika miraba ya kilomita tano hivi kila upande. Programu huchora mstari, mstari huinama kidogo au huinuka kidogo, jaribio la takwimu husema mabadiliko hayana uzito, na sura ya tano hupendekeza tafiti zaidi zifanyike. Siidharau kazi hiyo. Anayeimaliza anajua kuandika programu, anajua kusoma makala za kitaalamu, na ameshaona jinsi wastani unavyoweza kuficha mambo. Asichokijua ni namba zilikotoka. Katika daftari la kituo, siku isiyonyesha huandikwa sifuri. Siku ambayo mpimaji hakufika kwenye chombo huachwa wazi au hupigwa mstari. Aliyewahi kusimama mbele ya chombo saa 3 asubuhi, saa ambayo vituo vyetu husoma mvua ya saa 24 zilizopita, hawezi kuchanganya hali hizo mbili. Aliyepokea safu ndefu ya tarakimu huzichanganya bila hata kujua, maana kwenye kompyuta nafasi tupu hugeuzwa sifuri mara moja, na mwezi ambao mpimaji aliugua ukawa mwezi wa ukame. Nimeona ukame wa namna hiyo ukitetewa mbele ya jopo kwa ufasaha mkubwa.

Tanzania ina mfano mashuhuri wa utafiti wa mwanafunzi, na nadhani mfano huo umechangia kutupotosha. Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, mkoani Tanga, mwaka 1963, alipoona kwamba mchanganyiko wa aiskrimu uliotiwa kwenye friza ukiwa moto uliganda kabla ya ule uliokuwa umepoa. Swali lake lilichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alilirudia mbele ya Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuwa ameitembelea shule, na Osborne akaenda kulijaribu maabara. Makala yao ilichapishwa mwaka 1969. Tangu hapo, tukitaka kuwatia vijana moyo tunawasimulia kisa hicho kwa mkato: kijana mmoja, swali moja, ugunduzi mmoja. Lakini fizikia ilianza pale Osborne aliporudi kazini na kufanya jaribio lilelile upya. Friza inaruhusu hivyo. Wengine wameendelea kurudia hadi karne hii, na mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vilivyotilia shaka tukio lenyewe, jambo ambalo halimpunguzii Mpemba heshima hata kidogo, kwa kuwa kila aliyekuja baadaye aliweza kuchukua maji, friza na kipimajoto akajionea. Msimu wa 2019/20 hauko hivyo. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko kawaida, mvua zikamiminika Afrika Mashariki nzima, kisha hali ile ikapita. Hakuna maabara ya kuiita irudi. Anayesoma anga anarudia jaribio lake kwa njia moja tu, nayo ni kuendelea kuandika namba zilezile, mahali palepale, kwa utaratibu uleule, mpaka misimu yenyewe imletee tofauti. Kazi hiyo ni ndefu kuliko shahada ya mtu yeyote.

Ushahidi wa jambo hili uko kaskazini ya mji, kwenye visima vya Makutupora ambavyo kwa miongo mingi vimekuwa tegemeo kuu la maji ya Dodoma. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwamo Watanzania Lister Kongola, Emmanuel Nahozya na Hosea Sanga, walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchambuzi wa kumbukumbu za kina cha maji ardhini zilizochukua miaka 55. Waliyoyaona hayakuwa ya kutarajiwa na mtu anayefikiri kwa wastani. Katika miaka mingi mvua hunyesha, mashamba hulowa, makorongo hupitisha maji, na bado akiba ya chini haiongezeki. Kina hushuka taratibu mwaka hadi mwaka. Kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa mno na kina hupanda kwa ghafla. Msimu wa El Niño wa 1997/98 ndio uliojaza kuliko mingine yote katika kumbukumbu hizo. Maana yake ni kwamba jiji hili limekuwa likinywa maji ya misimu michache isiyo ya kawaida, na kwamba wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, unaoandikwa kwenye kila ripoti, hausemi lolote la maana kuhusu usalama wa maji yake. Utafiti wa baadaye, uliochapishwa mwaka 2021, uliongeza kwamba sehemu kubwa ya ujazo huo hupitia kwenye mchanga wa mito ya msimu wakati maji yakitiririka.

Tufikirie sasa wanafunzi wawili wenye bidii sawa, kila mmoja akipewa msimu mmoja wa kuchunguza Makutupora. Aliyeangukia mwaka wa kawaida angeandika kwamba mvua haifiki chini. Aliyeangukia 1997/98 angeandika kwamba mvua hujaza visima upesi kuliko watu wanavyodhani. Wote wawili wangekuwa wamepima vizuri, wote wangestahili alama ya juu, na wote wangekuwa wameikosa Makutupora. Kilichowaokoa watafiti wa 2013 ni watu waliokuwa wakishusha kamba visimani na kuandika kina, mwaka baada ya mwaka, tangu miaka ya 1950, wakati ambapo uhusiano wa El Niño na mvua zetu haukuwa umeelezwa na sayansi. Wapimaji wale hawakuwa na dhana ya kujaribu wala sura ya mapendekezo. Walikuwa na utaratibu. Swali lilikuja baadaye, likakuta majibu yameshaandikwa.

Upande wa pili wa ushahidi ni Kongwa, mashariki ya hapa. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulitayarishwa mwaka 1946 na timu iliyozunguka kwa wiki chache, sehemu ya kazi yake ikifanywa kwa kuitazama ardhi kutoka kwenye ndege, na ulilenga ekari zaidi ya milioni tatu katika maeneo mbalimbali. Ulianza 1947 na ukafutwa Januari 1951, ukiwa umemeza mamilioni ya pauni. Sababu zake ni nyingi: matrekta ya mitumba ya vita, mibuyu isiyong'oka, udongo wa mfinyanzi uliogeuka mithili ya saruji wakati wa kiangazi, haraka ya wanasiasa wa London. Lakini mojawapo inahusu hoja yetu moja kwa moja. Kumbukumbu za mvua za eneo lenyewe zilikuwa chache mno kuonyesha inavyobadilikabadilika. Wastani unaweza kuonekana unatosha kwa karanga. Ukavu wa katikati ya msimu, ule unaokuja Januari au Februari mmea ukiwa kwenye maua, hauonekani kwenye wastani. Wagogo walikuwa wakiujua, ndiyo maana walishikilia uwele na mtama na kuweka mali yao kwenye ng'ombe. Hakuna daftari lililokuwa limeugeuza ujuzi huo kuwa namba ambazo mhasibu wa London angelazimika kuzijibu.

Kwa nini basi Majengo, na si shamba la majaribio lenye uzio na majani mafupi? Kwa sababu kituo rasmi cha hali ya hewa cha Dodoma kiko uwanja wa ndege, na mvua zetu nyingi hutoka kwenye mawingu marefu yenye upana wa kilomita chache tu. Wakazi hawahitaji kuambiwa kwamba Area D inaweza kulowa chapachapa huku sokoni Majengo vumbi likiendelea kupeperuka. Namba moja haiwezi kuwasemea wote, hasa kwa jiji ambalo limepanuka haraka tangu serikali ilipoanza kuhamia na sheria ya mwaka 2018 ikalitangaza rasmi kuwa makao makuu. Majengo ni mtaa wa zamani: bati juu, saruji chini, miti michache, soko linaloamka kabla ya jua, mkaa na majiko ya mama lishe. Joto lake la usiku likilinganishwa na la vilima vya chuo kikuu lingetuambia jambo kuhusu namna tunavyojenga, na lingetuambia zaidi kama lingekuwa limeanza kupimwa kabla ya ujenzi wa miaka hii. Ninakiri kwamba kwa mvua si mahali pazuri kitaalamu. Chombo kinatakiwa kikae mbali na kuta na miti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa vizuizi hivyo, na katika mtaa uliobanana nafasi hiyo hupatikana kwenye uwanja wa shule tu, ikipatikana. Hilo nalo ni funzo ambalo halipakuliki: kueleza mahali, kuchora ramani ya vizuizi, kuandika tarehe ukuta mpya ulipoinuka. Rekodi ya mahali pasipo bora, lakini palipoelezwa kwa uaminifu, inaweza kusahihishwa na wajao. Isiyosema ilipimwa wapi haina wa kuisahihisha.

Kiangazi nacho kina kazi yake. Ikiwa fildi haitaki kuhama kutoka Julai, basi Julai ipewe mada yake: upepo, vumbi la mashamba yaliyovunwa, moshi wa majiko, baridi ya alfajiri ambayo hushusha joto hadi nyuzi 13 au 14 na kuufanya moshi ukae chini karibu na pua za watu. Kampala wameonyesha namna ya kuanza. Tangu mwaka 2015 mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, chini ya Engineer Bainomugisha (Engineer ni jina lake, si cheo), umekuwa ukitengeneza vipima chembechembe vya bei nafuu vinavyohimili vumbi na joto letu, vingine vikafungwa hata kwenye bodaboda. Ubora wa kazi ile, kwa maoni yangu, hauko kwenye kifaa. Uko kwenye kuendelea: vipimo vya mwaka huu vinaweza kuwekwa kando ya vya mwaka jana, na mwanafunzi anayeingia leo anakuta kitu cha kuongezea.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, linasema muda wa daftari umepita. Setilaiti zinaona kila mahali, mifano ya kompyuta inajaza mapengo, na kumpeleka kijana kusoma kopo la maji ni kumrudisha nyuma. Nalijibu kwa kuangalia CHIRPS yenyewe inavyotengenezwa. Setilaiti haipimi mvua. Kwa mkusanyo huo inapima ubaridi wa vilele vya mawingu, kwa kanuni kwamba wingu refu lina kilele baridi na wingu refu huelekea kunyesha. Kisha makadirio hayo hurekebishwa kwa vipimo vya vituo vya ardhini. Pale vituo vilipo vingi, marekebisho huwa mazuri. Pale vilipo vichache, makadirio hubaki makadirio, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likisema kwa miaka mingi kwamba mtandao wa vituo Afrika uko chini ya kiwango kinachopendekezwa. Nyanda za kati zina tatizo la ziada, kwa sababu hewa kavu iliyo chini ya wingu inaweza kuikausha mvua kabla haijagusa ardhi. Setilaiti inaona wingu, Majengo haioni tone. Na mraba mmoja wa kilomita tano unameza mji wote wa zamani, soko, stesheni na uwanja wa ndege kwa pamoja. Kwa hiyo anayesema setilaiti imekiondoa chombo cha ardhini anasahau kwamba setilaiti inakula kwenye sahani ya chombo hicho.

La pili linahusu uaminifu: wanafunzi watakosea, watakadiria, watajaza siku walizolala. Ndiyo, baadhi watafanya hivyo, kama wanavyofanya wapimaji walioajiriwa. Lakini mambo makubwa tunayoyajua kuhusu anga ya Afrika Mashariki yalipatikana kwa vipimo vya kawaida vilivyofanywa na watu wengi wa kawaida. Upepo wa nguvu unaovuka ikweta juu ya mashariki ya Kenya na kwenda kulisha mvua za India ulielezwa na John Findlater, katika makala yake maarufu ya mwaka 1969, kutokana na vipimo vya puto: puto dogo lisilo na kifaa ndani, linaloachiliwa na kufuatwa kwa darubini ya teodolaiti, na mtu akiandika pembe kila dakika. Mwaka 1982 Joseph Kinuthia, mtaalamu wa hali ya hewa wa Kenya, pamoja na G. C. Asnani, walitangaza kwa vipimo vya namna hiyohiyo upepo mwingine, unaopita kwenye bonde la Turkana kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya. Sehemu hiyo ya Kenya leo ina mitambo 365 ya umeme wa upepo yenye uwezo wa megawati 310. Waliokuwa wakifuata puto kwa jicho hawakuwa maprofesa. Walikuwa wamefundishwa, wakasimamiwa, na kazi yao ikakaguliwa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kufundishwa hivyo. Na udanganyifu una adui wake, yaani wingi wa macho: vyombo vitatu au vinne katika mitaa jirani, kila kimoja na kundi lake, hufichua haraka daftari lililojazwa kwa kukisia.

Pingamizi la tatu ni la kiofisi na kwa hakika ndilo linaloua mipango mingi. Kanuni zinadai kazi iwe ya mwanafunzi mwenyewe, mada isijirudie, na programu ya kukagua wizi wa maandishi inapiga kengele ikiona sura mbili za mbinu zinazofanana. Sioni mgongano. Kumbukumbu ikiwa ya wote, maswali yanabaki ya kila mmoja. Huyu atauliza msimu ulianza lini kwa mkulima na ulianza lini kwa ofisi. Yule atauliza ukavu wa Januari ulidumu siku ngapi. Wa tatu atalinganisha Majengo na mraba wa CHIRPS. Wa nne atauliza mvua ilinyesha kwa saa ngapi. Swali hilo la mwisho lina fedha ndani yake. Milimita 60 katika saa 24 na milimita 60 katika saa moja zinaandikwa sawasawa kwenye jumla ya siku, ilhali ya kwanza huotesha mtama na ya pili hubeba makalavati. Mafuriko yaliyoikata reli kati ya Kilosa na Gulwe mwanzoni mwa 2010 yaliwafundisha wahandisi tofauti hiyo kwa gharama. Wanaosema kwamba utafiti wa namna hii hauleti ajira, kwa kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa haiwezi kuwachukua wahitimu wote, wanasahau kwamba makalavati, bima ya mazao, viwanja vya ndege na miradi ya maji vyote vinamhitaji mtu anayejua namba ya mvua inavyozaliwa na inavyoharibika. Programu za kompyuta wanazo wahitimu wa kila fani.

Watu hutaja Marekani hapa, kwamba huko wanafunzi wa shahada ya kwanza hufanya utafiti kwa sababu kuna pesa. Ni kweli kuna pesa. Programu ya SOARS, iliyoanzishwa mwaka 1996 katika kituo cha taifa cha utafiti wa angahewa huko Boulder, Colorado, huwapa vijana msimu wa kiangazi wa kazi, washauri na posho. Lakini tukitazama wanachokifanya, hawaanzishi kitu kipya kila mwaka. Wanaingizwa katika mradi uliokuwa ukiendelea kabla yao, wanaongeza kipande, wanaondoka. Utaratibu huo hauhitaji dola. Rwanda imeuonyesha kwa kiwango kikubwa zaidi katika kituo cha Mlima Mugogo, kinachopima gesi joto kwa ushirikiano na chuo cha MIT: Jimmy Gasore alitumia vipimo vyake kwa shahada ya uzamivu, kituo kikaendelea, na mwaka 2023 yeye akateuliwa kuwa Waziri wa Miundombinu.

Sidai kwamba daftari la mvua lingeondoa njaa Dodoma. Njaa iliyoitwa Mtunya, iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920, ilikuja na ukame, lakini ukame ule ulikuta majeshi ya pande mbili za Vita Kuu ya Kwanza yameshachukua nafaka, ng'ombe na vijana. Mvua haikuwa na neno la mwisho wakati ule na haina leo. Wala sidai kwamba mwanafunzi mwenye chombo atoe utabiri. Sheria ya mwaka 2019 imeipa Mamlaka ya Hali ya Hewa usimamizi wa shughuli hizo, na ni sahihi jambo linalogusa maisha ya watu liwe na mwenyewe anayewajibika. Chuo kinachotaka kupima Majengo kianze kwa kuzungumza na Mamlaka, kiombe ushauri wa kuweka vyombo na kukubaliana namba ziende wapi. Dai langu ni dogo kuliko hayo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na kipindi kinachotumika duniani kuelezea tabianchi ya mahali ni miaka 30. Daftari ambalo lingefunguliwa msimu ule lingekuwa limeshapita nusu ya safari, likiwa na 2019/20 ndani yake, na El Niño ya 2023/24 pia.

Gharama si kisingizio. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Chombo chenye mdomo wa milimita 127, kile cha vituo vya zamani, hukusanya mililita 12.7 hivi kwa kila milimita, na yeyote mwenye kopo lililonyooka na mtungi mdogo wa maabara anaweza kutengeneza cha kufundishia kabla ya kununua cha kweli. Mikopo ya elimu ya juu ina fungu la utafiti, ambalo kwa kawaida huishia kwenye kuchapa na kujalidi ripoti kama halijamezwa na kuchelewa kwa bumu, yaani posho ya kujikimu. Kinachohitaji fedha ya kweli ni kitu kimoja ambacho hakuna andiko la mradi linalopenda kukitaja: mtu wa kusoma chombo wanafunzi wakiwa nyumbani. Wiki za Krismasi na mwaka mpya ndizo ambazo mara nyingi msimu wa Dodoma unapamba moto, na ndizo ambazo chuo kimefungwa. Mlinzi wa shule au mwalimu anayeishi jirani, akifundishwa wiki moja na kulipwa posho ya mwezi inayoheshimu kazi yake, anatosha. Anapaswa kuandikwa jina kwenye daftari na kwenye kila ripoti inayotokana nalo, na apatikane Oktoba, pamoja na uwanja wenyewe, kabla wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajamaliza usajili.